Diski moja ya terabaiti mbili, au mbili za terabaiti moja?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nalifupisha. Nyumbani ana kompyuta ya mezani ya Windows 10 yenye diski ya gigabaiti 500, na ule mstari wa diski C umeshakuwa mwekundu. Humo mna picha za watoto tangu 2011, video ya harusi ya mdogo wake, na hesabu za kikundi cha vikoba ambacho yeye ni katibu wake. Picha na video peke yake zimefika gigabaiti 380. Anataka diski ya nje, ile wengi wetu tunaiita eksteno, ahamishie kila kitu humo ili kompyuta ipumue. Dukani ameonyeshwa ya terabaiti mbili, yaani gigabaiti 2,000. Mumewe naye ameona mtandaoni SSD, ile diski ya chipu, ya terabaiti 16 kwa shilingi elfu sabini, na hapendi kuambiwa aiache. Anauliza achukue ipi, na afanye nini tangu anapoitoa kwenye boksi.

Dada yangu, neno lililonikalisha chini nikuandikie kwa kirefu ni hilo la "kuhamisha". Leo picha za wanao ziko mahali pamoja, kwenye kompyuta. Ukizihamisha, kesho zitakuwa mahali pamoja vilevile, tena pabaya zaidi, kwa sababu kompyuta ya mezani haivutwi waya na mtoto anayepita mbio, na diski ya nje huvutwa. Wateja walionijia na machozi mezani hapa, wengi hawakukosa diski ya nje. Walikuwa nayo, wakafuta kwenye kompyuta, wakatulia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usichukue moja ya terabaiti mbili. Chukua mbili za terabaiti moja moja. Utalipa zaidi kidogo, na muuzaji atakuambia unapoteza pesa kwa kuwa kubwa ndiyo nafuu kwa kila gigabaiti. Kwa hesabu ya gigabaiti ana haki. Lakini mzigo wako ni gigabaiti 380. Terabaiti moja inaubeba na kubakiza nafasi zaidi ya nusu, na hiyo diski ya pili ndiyo itakayokuokoa siku ambayo ile nyingine itakataa kuwaka. Kama fedha za mbili hazijapatikana mwezi huu, nunua moja sasa na usifute chochote kwenye kompyuta hadi ya pili ije. Vumilia huo wekundu.

Sasa ile ya terabaiti 16. Mwambie shemeji kwa upole, lakini mwambie: aiache. Bei hiyo hainunui hata terabaiti moja ya SSD ya kweli. Mwalimu mmoja aliniletea ya namna hiyo akilalamika kwamba picha zake zina majina lakini hazifunguki. Nilifungua ganda kwa bisibisi nyembamba. Ndani mlikuwa na bodi ndogo ya saketi, kadi ya memori kama ile ya simu imechomekwa na kumwagiwa gundi, na kipande cha chuma kilichobandikwa ili kitu kiwe na uzito mkononi. Kadi ile ilikuwa ya gigabaiti 64. Chipu inayozungumza na kompyuta ilikuwa imefundishwa kusema "mimi ni terabaiti 16", na kompyuta haina namna ya kubisha, huamini inachoambiwa. Faili za mwanzo zikakaa vizuri. Kadi ilipojaa, zilizofuata zikawa zinaandikwa juu ya zile za mwanzo au zinatupwa tu, huku orodha ya majina ikiendelea kurefuka kama kawaida. Ndiyo maana aliona majina. Picha zenyewe hazikuwahi kufika, na yeye alikuwa ameshazifuta kwenye kompyuta. Sikuweza kumrudishia. Naiandika habari hii kila nikipata nafasi kwa sababu ya uso wa yule mwalimu.

Tuje kwenye diski halali. Kuna zile za kuzunguka, ambazo ndani zina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika na kichwa kidogo kinachoelea juu yake bila kuzigusa, na kuna SSD, ambazo hazina kitu kinachotembea ndani. SSD ina kasi kubwa na inavumilia kuanguka. Ukiniuliza kwa mtu anayezunguka na laptopu kwenye daladala, nitamwambia SSD bila kusita. Kwako wewe, ambaye diski itachomekwa mara moja kwa wiki kisha irudi kabatini, nachagua ya kuzunguka, na si kwa sababu ya bei tu. SSD hutunza data kwa chaji ndogo ndogo za umeme ndani ya chipu, na chaji hizo hupungua taratibu kifaa kikikaa muda mrefu bila kuchomekwa, hasa kwenye joto. Kabati la Tanga mwezi wa Februari unalijua mwenyewe. Ya kuzunguka huandika kwa sumaku, haina shida hiyo. Shida yake ni moja, haitaki kutikiswa inapofanya kazi.

Zichukue zile ndogo za inchi 2.5, zinazotumia umeme wa waya wa USB peke yake. Zile kubwa za inchi 3.5 zinataka adapta yake ukutani, na mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, adapta ya ziada ni mlango wa ziada wa matatizo.

Kuhusu jina, usihangaike sana. Watengenezaji wa diski za kuzunguka waliobaki duniani ni watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Hata boksi likiwa na jina jingine, ndani utamkuta mmoja wao. Kama unaweza, hizo mbili zisiwe za kampuni moja, ili kama kuna kasoro ya kiwanda isikupige pande zote mbili. Muhimu kuliko jina ni duka: boksi lifunguliwe mbele yako, upewe risiti yenye namba ya diski ile iliyoandikwa mgongoni, na muuzaji akubali kwa mdomo wake kwamba ukiijaribu nyumbani ikashindwa, unairudisha. Anayesema "ukitoka mlangoni basi", mwachie na diski yake.

Jambo moja dogo kabla hatujachomeka. Windows itakuandikia gigabaiti 931, wala si 1,000. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti kwa elfu elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, basi namba zinatofautiana ingawa nafasi ni ileile.

Sasa umefika nyumbani. Chomeka nyuma ya kompyuta, usichomeke mbele. Matundu ya mbele yameunganishwa kwa waya mrefu ndani ya ganda, na kwenye kompyuta za zamani umeme unaofika pale mara nyingi ni hafifu. Diski inawaka taa, inalia kidogo, inapotea kwenye skrini, mwenyewe anadhani imeharibika. Ya nyuma yametoka kwenye bodi moja kwa moja. Tafuta tundu lenye plastiki ya buluu ndani, hilo ndilo USB 3. USB 2 ya plastiki nyeusi inafanya kazi pia, lakini itakupa megabaiti 30 au 40 kwa sekunde, wakati diski yenyewe inaweza 100 na zaidi. Kwa mzigo wako hiyo ni tofauti kati ya saa moja na zaidi kidogo, na karibu saa tatu.

Kisha usiweke picha hata moja. Kwanza ijaribu. Hapa ndipo watu wengi hukosa subira, nami nakuomba usikose.

Pakua programu mbili za bure. Ya kwanza ni CrystalDiskInfo, ambayo husoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe tangu itoke kiwandani. Tafuta mstari wa Power On Hours, yaani saa ambazo diski imewahi kuwashwa. Mpya huonyesha sifuri au saa chache. Ukikuta 9,000, hiyo imefanya kazi zaidi ya mwaka mzima mahali fulani, pengine ndani ya mashine ya kamera za ulinzi, ikavalishwa ganda jipya. Irudishe. Tazama pia mistari ya Reallocated Sectors na Current Pending Sector, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika na zinazoshukiwa: safu ya mwisho, ile ya Raw Values, iwe sifuri tupu. Namba yoyote nyingine kwenye diski mpya ni sababu ya kurudi dukani kesho yake asubuhi.

Ya pili ni H2testw, kazi ya Wajerumani, ndogo na ya zamani, haihitaji hata kusakinishwa. Hii hujaza diski nzima kwa faili za gigabaiti moja moja, kisha huzisoma zote upya ikilinganisha na ilichoandika. Chagua herufi ya diski yako ya nje, hakikisha mara mbili kwamba ndiyo, bonyeza Write + Verify, uende ukapike. Kwa terabaiti moja kupitia USB 3 hesabu karibu saa tatu za kuandika na nyingine tatu za kusoma. Diski ya uongo haiwezi kuupita mtihani huu, kwa sababu lazima itoe kila kitu ilichodai kuhifadhi. Ukiona maandishi Test finished without errors, diski yako ni ya kweli na ina afya. Fanya hivyo kwa zote mbili.

Baada ya hapo ifomati, ianze safi. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya diski, chagua Format. Utaulizwa aina ya mpangilio wa faili (File system). Kwako ni NTFS, kwa kuwa unatumia Windows tu, na NTFS ina daftari la ndani linaloandika kila badiliko kabla ya kulitekeleza, hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi ina mahali pa kuanzia kujirekebisha. exFAT haina daftari hilo. Ningekushauri exFAT kama ndani ya nyumba kungekuwa na Mac, maana Mac husoma NTFS lakini haiandiki humo. FAT32 iache kabisa, haipokei faili lililofika gigabaiti 4, na video ya harusi ya mdogo wako bila shaka imevuka hapo. Jina la diski andika fupi: PICHA-A, na ya pili PICHA-B. Bandika karatasi yenye jina hilohilo juu ya ganda kwa kalamu ya wino usiofutika.

Sasa kunakili. Nasema kunakili, yaani Copy. Cut usiiguse, hata kama nafasi imekubana. Fanya mwaka mmoja mmoja: folda ya 2011, kisha 2012, hivyo hivyo. Kila folda ikimaliza, bonyeza kitufe cha kulia kwenye folda ya kompyuta uangalie Properties, kisha kwenye ile ya diski. Linganisha idadi ya faili na mstari wa Size. Usilinganishe Size on disk, hiyo hutofautiana bila kosa lolote. Namba zikilingana, fungua picha tatu nne za katikati na za mwisho, uzione kwa macho yako.

Usishangae kama kasi itaanza vizuri kisha ishuke sana baada ya gigabaiti nyingi. Diski nyingi ndogo za siku hizi huandika mistari yake ikilaliana kama makuti ya paa. Kugusa kuti la chini lazima uinue la juu yake ulirudishe tena, na diski hupumzika katikati ya kazi kupanga makuti yake. Haijaharibika. Usiichomoe, iache.

Umeme ukikatika katikati ya kunakili kwa njia ya kawaida, utabaki hujui ulipofika. Mimi kwa kazi ndefu natumia amri iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika robocopy, acha nafasi, weka njia ya folda ya picha ndani ya alama za kunukuu, acha nafasi, weka njia ya diski vilevile, kisha malizia na /E /R:1 /W:1. Umeme ukirudi, andika mstari uleule: itaruka zilizokwisha kufika na kuendelea na zilizobaki. Kuna mtu anaweza kukuambia uongeze /MIR. Kwa sasa usiongeze. Hiyo hufuta kwenye diski chochote ambacho hakipo tena kwenye kompyuta, na wewe unakaribia kuanza kufuta kwenye kompyuta.

Kufuta kwenyewe ni hivi. PICHA-A ikishajaa na kukaguliwa, na PICHA-B vilevile, hapo ndipo unaruhusiwa kupunguza mzigo. Anza na video, ndizo zinazokula nafasi. Picha za kawaida, kama zinaenea, ziache palepale kwenye kompyuta ziwe nakala ya tatu. Hesabu za vikoba zibaki pia, faili za Excel hazina uzito wowote.

Nilisoma katika barua yako kwamba mama yenu yuko Muheza. Vizuri sana. PICHA-B ikae kwa mama. Moto, mwizi, mafuriko au umeme uliorudi kwa kishindo haviwezi kufika Tanga na Muheza siku moja. Kila unapokwenda kumsalimia, chukua PICHA-A iliyo na mapya, mwachie, urudi na PICHA-B uijaze. Ziwe zinapishana hivyo. Kwa kuwa diski itasafiri na hesabu za kikundi ni mali za watu, folda hiyo moja ifunge kwa programu ya 7-Zip ukiwa umeweka nywila na kuchagua AES-256, njia ya kuficha yaliyomo. Picha za watoto usizifungie nywila. Siku wewe usipokuwepo kuikumbuka, watoto wenyewe watashindwa kuziona, na hazirudishiki na fundi yeyote.

Kuna mazoea mawili yatakayokutesa usipoyakata mapema. La kwanza ni kwenda na diski steshenari kuchapisha karatasi. Kompyuta za steshenari huchomekwa flashi za mtaa mzima, na pale ndipo wanapokaa virusi wanaoficha folda zako na kuacha vijimshale vya njia ya mkato mahali pake. Flashi ndogo ya kuchapishia inatosha, diski ibaki nyumbani. Na ikishamaliza kazi ichomoe, isikae imechomekwa kompyutani siku nzima, kwa sababu kirusi anayefunga faili na kudai fidia hufunga kila anachokikuta kimeunganishwa. Ninalisisitiza hili kwako zaidi kwa kuwa Microsoft ilisimamisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

La pili linamhusu shemeji na runinga. Runinga nyingi, ukiichomeka diski, huuliza kama unataka iandaliwe kwa ajili ya kurekodi vipindi. Kuiandaa maana yake ni kuifomati. Mtu amekaa na rimoti, anataka kutazama filamu, anabonyeza OK, na miaka 14 ya watoto inakwenda. Mnunulieni flashi yake ya filamu.

Wakati wa kuchomoa tumia alama ya Safely Remove pale chini kulia, subiri sahani zisimame, utasikia mlio ukizama, ndipo uinyanyue. Wakati inafanya kazi ilale bapa juu ya meza. Usiiweke juu ya kompyuta panapotetema, wala kwenye zulia linaloziba joto. Ikirudi kabatini iwe kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Hewa ya bahari hula chuma cha tundu la USB kabla ya kitu kingine chochote, na kwenye diski nyingi za sasa tundu hilo limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe. Likivunjika, huwezi kuhamishia diski kwenye ganda jingine kama tulivyozoea zamani.

Na ikitokea siku moja ukaichomeka ukasikia tak, tak, tak, kwa mpigo ule ule, chomoa papo hapo. Usiijaribu mara ya pili kwenye kompyuta nyingine, usiigonge, usiiweke kwenye friji kama watakavyokushauri. Ule ni mlio wa kichwa kinachotafuta mahali pake bila kupaona, na kila sekunde unayoiacha kinaweza kuwa kinakwaruza sahani. Ifunge kwenye kitambaa, piga simu Muheza uulize kama PICHA-B iko salama, kisha nunua diski nyingine na unakili kutoka B kabla hujafikiria kumpelekea fundi ile mbovu.

Ukishazinunua, kabla hujatupa maboksi, nitumie picha ya skrini ya CrystalDiskInfo kwa kila moja. Nitazitazama zote mbili nikuambie kama unaendelea au unazirudisha.